SALADI YA MAJANI, MATUNDA, JIBINI NA KARANGA

Wakazi wa Kapalamsenga na watumishi wote wa umma wanakumbushwa kwamba saladi huliwa mbichi, hivyo hakuna moto wa kuua vijidudu. Usalama wake umo mikononi mwa mtayarishaji.

Mahitaji (watu wanne): majani ya saladi fungu 1, embe bivu 1, chungwa 1, karanga za kukaanga nusu kikombe, maziwa lita 1, ndimu 2, chumvi kidogo.

Utaratibu:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha matunda na majani, jani moja moja, kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya ziwa au kisima yasiyochemshwa yasitumiwe, kwani yaweza kuleta kipindupindu.

2. Chemsha maziwa, epua, tia maji ya ndimu, koroga. Yakigawanyika, chuja kwa kitambaa safi, kamua: hilo ndilo jibini. Maziwa mabichi yaweza kuambukiza kifua kikuu.

3. Chambua karanga kabla ya kukaanga. Zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe. Sumukuvu haimalizwi na moto. Mwaka 2016 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu mikoani Dodoma na Manyara.

4. Katakata matunda, changanya vyote, tia chumvi. Saladi iliwe mara moja, wala isilazwe.

Embe huupa mwili vitamini A, na mafuta ya karanga husaidia kuipokea. Wazazi wanahimizwa kuwaandalia watoto chakula hiki, karanga zikiwa zimesagwa kwa walio wadogo ili zisiwapalie.