Bunge la jimbo la Tshopo: nyuma ya kelele za mosio kuna takse unayolipa

Mama anatoka Lubunga asubuhi na mapema, na mfuko wa makala na mafungu ya sombe. Anavuka mto kwa pirogi, anafika ng'ambo ya mjini. Kabla hajauza hata fungu moja, ameisha kutoa franka mara mbili, mara tatu. Hapa ni mtu mwenye kofia, pale ni mtu mwenye kitabu cha risiti, kule ni mtu asiye na kofia wala kitabu. Ukimuuliza hizo takse ni za nani, atakwambia ni za serikali. Serikali gani? Hapo watu wengi wananyamaza.

Sehemu kubwa ya jibu iko pale wabunge wa jimbo wanapokaa, hapa Kisangani. Lakini sisi wenyewe wa redio tuna kosa kidogo. Tunapotangaza habari za bunge la jimbo, mara nyingi ni habari za mosio: nani anataka kumwangusha gavana, nani ametia sahihi, nani ameondoa sahihi yake. Ni habari tamu, watu wanaisikiliza sana. Kazi ile nyingine, yenye kugusa mfuko wa yule mama, inapita kimya kimya.

Tuanze na msingi. Bunge la jimbo limezaliwa na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 197 kinalipa kazi mbili: kuamua mambo ambayo ni ya jimbo, na kuchunguza serikali ya jimbo pamoja na huduma zake. Sheria linayopitisha inaitwa edi. Usiichanganye na sheria za Kinshasa: edi inafanya kazi ndani ya jimbo tu.

Wabunge wa kwanza walichaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006, wakati tulikuwa bado ndani ya Province Orientale. Mandat ni miaka 5, lakini wale walikaa mpaka uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Miaka kumi na miwili! Katikati, mwaka 2015, Province Orientale ikakatwa vipande vinne: Tshopo, Ituri, Haut-Uélé na Bas-Uélé. Wabunge waliofuata wale wa 2018 walitoka katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023. Wanatoka Kisangani na teritware zetu saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Kuna pia machifu wa kimila wanaoingia bila kupigiwa kura na raia, lakini Katiba inasema wasipite sehemu moja ya kumi ya wabunge wote.

Mbunge aliyechaguliwa Isangi, kwa sheria, si wa Isangi peke yake. Katiba inasema hakuna mtu anayeweza kumfunga mbunge kwa amri ya waliomchagua. Wakati wa kampeni hatusikii mtu akilisema hilo, na sishangai.

Sasa, kalenda. Bunge la jimbo halikai mwaka mzima. Lina sesio mbili za kawaida: ya kwanza inafunguliwa tarehe 30 ya mwezi wa tatu na kufungwa tarehe 30 ya mwezi wa sita, ya pili inaanza tarehe 30 ya mwezi wa tisa mpaka tarehe 30 ya mwezi wa kumi na mbili. Nje ya hapo kunaweza kuitishwa sesio ya pekee, juu ya jambo fulani linalotajwa mbele. Wakati wa likizo mbunge anatakiwa kurudi kwa waliomchagua, aone hali yao, halafu aandike ripoti. Kwa hiyo ukimkuta mbunge wako Yangambi ao Opala katika mwezi wa saba, usiseme ametoroka kazi. Kazi yake wakati ule ni kuwa pale.

Wakati wa sesio, siku kubwa ni siku ya plenieri, yaani wabunge wote wanapokaa pamoja. Mbele kuna biro ya watu watano: rais wa bunge, makamu wake, raportere, msaidizi wa raportere, na kesteri, yule anayeangalia franka na vifaa vya nyumba. Kwanza wanahesabiana: kama hawafikii zaidi ya nusu ya wabunge wote, kikao hakiwezi kuamua kitu. Halafu raportere anasoma yaliyosemwa kikao kilichopita, wanayakubali ao wanayarekebisha, ndipo wanaingia katika mambo ya siku.

Hapo hapo ndipo masikio ya wasikilizaji wengi yanapochanganyikiwa. Utasikia mbunge anapaaza sauti: mosio! Na nje watu wanaanza kutumiana ujumbe kwamba gavana ameanguka. Kumbe mbunge anataka tu kukumbusha utaratibu wa kikao, ao kutoa habari ya haraka kwamba kwao daraja limevunjika. Hizo ni mosio za utaratibu na za habari, njia ya kuomba neno. Mosio inayoangusha watu ni nyingine kabisa, tena iko ya namna mbili. Ile ya kwanza inalenga serikali nzima ya jimbo, inaitwa mosio ya sansure. Ya pili inalenga mtu mmoja, waziri ao gavana, ni mosio ya defiansi.

Masharti yake yako wazi. Ya sansure lazima itiwe sahihi na robo ya wabunge, ya defiansi sehemu moja ya kumi inatosha. Tuchukue bunge la watu 30, kwa hesabu tu: hapo sahihi 8 zinahitajika kwa serikali nzima, na 3 zinatosha kwa waziri mmoja. Unaona jinsi mlango wa pili ulivyo mwepesi. Lakini kufungua mlango si kuingia ndani. Ili mosio ipite inahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliofika siku hiyo peke yao. Katika mfano wetu, kura 16. Na hairuhusiwi kujadili wala kupiga kura kabla ya saa 48 kupita tangu ilipowekwa mezani. Saa hizo 48 njo wakati wa simu, wa mikutano ya usiku, na wa sahihi zinazofutwa asubuhi. Mosio ikishindwa, walioitia sahihi hawana ruhusa ya kuleta nyingine katika sesio ile ile. Na hata ikipita, si lazima mambo yaishe: katika nchi yetu kesi za namna hii zimefika mara kadhaa mbele ya Mahakama ya Katiba, Kinshasa.

Wabunge hao hao njo wanamchagua gavana na makamu wake, pamoja na maseneta 4 wa jimbo. Hapa Tshopo walimchagua Louis-Marie Walle Lufungula mwaka 2019, Madeleine Nikomba Sabangu mwaka 2022, na Paulin Lendongolia mwaka 2024. Mandat ya gavana ni miaka 5. Hesabu mwenyewe.

Sisemi mosio ni mbaya. Bila yake mbunge angekuwa mtu wa kuomba tu. Lakini kuna silaha nyingine ndogo ambazo, kwa maoni yangu, zinatumika kidogo kuliko inavyofaa. Mbunge anaweza kumwandikia waziri wa jimbo swali, ao kumwita ajibu kwa mdomo mbele ya wote. Waziri anasikiliza maswali, mara nyingi anaomba saa 48 za kutafuta majibu, anarudi. Wakiridhika, mambo yanafungwa. Wasiporidhika wanaweza kuunda komisio ya uchunguzi inayokwenda kuona kwa macho: barabara iliyolipiwa, iko? Shule iliyoandikwa kwenye karatasi, ina paa? Ripoti ya komisio kama hiyo ina uzito kuliko hotuba kumi.

Sasa turudi kwa mama wa Lubunga.

Sesio ya mwezi wa tisa ni ya bajeti. Gavana analeta mradi wa edi ya bajeti: jimbo linatazamia kupata kiasi gani, kutoka wapi, na litakitumia kwa nini. Wabunge wanaipokea, wanatoa maoni ya jumla, halafu inatumwa kwa komisio ya uchumi na fedha, ile inayoitwa ECOFIN. Kule ndani, bila kelele, njo kazi ya kweli inafanyika: mstari kwa mstari, mawaziri wanaitwa waeleze. Kisha ripoti inarudi plenieri, wanapiga kura. Na kabla ya kupitisha bajeti mpya, inatakiwa pia kuangalia hesabu za ile iliyopita, yaani serikali ya jimbo ionyeshe franka zilikwenda wapi. Kama ungependa kwenda kusikiliza plenieri mara moja tu katika maisha yako, nenda siku ile. Vikao viko wazi kwa raia, isipokuwa wabunge wakiamua kufunga milango kwa sababu fulani.

Katika ukurasa wa mapato wa bajeti ile kuna takse. Na hapa sheria imewekea jimbo mipaka. Ordonnance-loi namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 inatoa orodha ya kodi, takse na malipo ambayo majimbo, miji, komini, sekta na sheferi zinaweza kudai. Takse isiyo katika orodha ile, bunge la jimbo haliwezi kuibuni kwa sababu tu mfuko uko mtupu. Gavana pia hawezi kuianzisha kwa barua. Na mtu mwenye kamba njiani hana uwezo huo hata kidogo.

Niliisha kukutana na kamba ya namna hiyo, mahali ambapo sitapataja. Nilikuwa nyuma ya pikipiki, dereva akatoa franka bila kuuliza. Nikauliza ni ya nini. Yule kijana akasema ni ya barabara. Nikaomba risiti. Akaniangalia sana, halafu akamwambia dereva apite, lakini franka hazikurudi. Dereva alinikasirikia njia yote: yeye anapita pale kila siku, mimi mara moja.

Kwa hiyo si rahisi, najua. Lakini kujua tofauti kunasaidia. Malipo ya mahali pa kuuzia sokoni kwa kawaida ni ya mji ao komini, si ya jimbo. Péage ya FONER kwenye barabara za taifa ni ya taifa, bunge letu halikuiweka. Barabara namba 4 yenyewe, inayotoka Kisangani kwenda Bafwasende, Komanda mpaka Beni, ni barabara ya taifa, kama vile umeme wa SNEL ni jambo la kampuni ya taifa. Wabunge wa jimbo wanaweza kupiga kelele juu yake, na wanapiga, lakini ufunguo uko Kinshasa. Kinachobaki kwao ni barabara za ndani za jimbo, masoko, mipango ya kilimo, na takse zake zenyewe.

Na juu ya nini jimbo linategemea sana takse ndogo ndogo za wamama na wenye pikipiki? Kwa sehemu, juu ya kifungu cha 175 cha Katiba. Kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena zikatwe pale pale zinapopatikana. Tangu 2006 haijafanyika hivyo. Franka zinapanda Kinshasa kwanza, halafu kinarudi kiasi fulani, kwa wakati fulani, kinachoitwa retrosesio. Bajeti ya jimbo ikitegemea franka ambazo hazifiki, inabaki kutafuta kwa aliye karibu. Aliye karibu ni mwenye pirogi.

Wasikilizaji wetu wa Ituri na Nord-Kivu watasema sisi tuna bahati ya kulalamika. Kule, tangu hali ya dharura ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, kazi za bunge la jimbo na serikali ya kiraia zilisimamishwa, na magavana wanajeshi wakashika uongozi. Swali la nani anachunguza matumizi na takse linakuwa gumu zaidi pale ambapo hakuna plenieri ya kumwita mtu ajibu.

Hapa kwetu plenieri ipo, na raia ana mlango ambao hautumiwi sana. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu ameandika. Wamama wa soko moja wanaweza kuandika karatasi moja: takse hii inaitwa nani, edi gani iliipitisha, franka zake zinaingia mfuko gani? Waipeleke kwa biro ya bunge na nakala kwa mbunge wao, na wabaki na nakala yao yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.

Mbunge naye ana deni la kuwepo. Anayekosa zaidi ya robo ya vikao vya sesio moja, bila ruhusa wala sababu, mandat yake inaweza kuisha. Ukimwona nyumbani Mangobo siku ya plenieri, una haki ya kumuuliza kwa heshima kwa nini hayuko kazini.

Sesio ya bajeti inafunguliwa tarehe 30 ya mwezi wa tisa.