Scooby-Doo: Mbwa Mwoga Asiyezeeka

Kuna swali moja wanandoa wengi wa mjini hawaulizani, na jibu lake linasema mengi: ulipokuwa mdogo ulikuwa unaangalia katuni gani? Uliza uone. Mtu mzima, ana tai shingoni, ana mkopo wa benki, ataanza kucheka peke yake. Kwangu mimi jibu ni Scooby-Doo, na sioni haya kusema kwamba hadi leo, ikitokea kwenye TV wakati napita na beseni la nguo, beseni linawekwa chini.

Najua wapo watakaosema huo ni utoto. Sawa. Lakini hebu fikiria. Katuni hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani tarehe 13 Septemba 1969, Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha CBS. Huku Tanzania Bara televisheni tuliisubiri mpaka 1994. Yaani kizazi chetu kilipokuja kuipata, kwa kanda za video za kuazimana na baadaye kwa madishi, yenyewe ilishakuwa mzee wa robo karne. Na bado ikatukamata! Katuni ngapi za miaka ile zimeshakufa na hakuna aliyezilia? Hii inadunda tu.

Kwa wale waliolelewa na wazazi wa "zima hiyo TV ukasome", habari yenyewe ni nyepesi. Vijana wanne na mbwa wao wanazunguka na gari lao la Mystery Machine, lenye rangi za bluu na kijani na maua ya rangi ya machungwa, utadhani kipanya cha maharusi. Fred ndiye anayejifanya bosi. Daphne ndiye mlimbwende. Velma, mwenye miwani na sweta zito, ndiye mwenye akili, na kila mara miwani inadondoka wakati mbaya kuliko wote. Halafu Shaggy, kijana mrefu mwenye kidevu cha ndevu chache na njaa isiyokwisha, na rafiki yake Scooby, jibwa kubwa la aina ya Great Dane linaloogopa hata kivuli chake. Gari linaharibika au wanapotea njia, wanafika kwenye jumba bovu, zimwi linatokea, wanakimbizwa, wanatega mtego, zimwi linanaswa, sura ya bandia inavuliwa. Kumbe ni mtu! Basi. Ndiyo hadithi yote hiyo, na imerudiwa kwa zaidi ya miaka 50.

Inavyosemekana, yote yalianzia kwenye malalamiko ya wazazi. Mwaka 1968 vikundi vya wazazi huko Marekani vilikuja juu, vikisema katuni za Jumamosi zimejaa ngumi na mabomu. Fred Silverman, aliyekuwa akisimamia vipindi vya watoto pale CBS, akataka kitu kisicho na vita. Akawaendea Hanna-Barbera, na waandishi wawili wa hapo, Joe Ruby na Ken Spears, wakaja na wazo la vijana wapelelezi na mbwa wao. Wakubwa walipoona michoro ya mwanzo wakashtuka: mbona inatisha? Dawa yake ilikuwa kumtoa mbwa nyuma na kumweka mbele, achekeshe. Jina lenyewe Silverman alisimulia kwamba alilipata akiwa ndani ya ndege, akisikiliza Frank Sinatra anavyochezea sauti mwishoni mwa wimbo wa Strangers in the Night.

Na mchoraji! Huyu nampenda zaidi. Anaitwa Iwao Takamoto, Mmarekani mwenye asili ya Japani, ambaye ujanani alifungiwa na familia yake kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alipopewa kazi ya kumchora Scooby alimtafuta mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akifuga Great Dane, akaelezwa sifa zote za mbwa bora wa aina hiyo: mgongo ulionyooka, miguu iliyonyooka, kidevu kidogo. Akaenda akachora kinyume chake. Ndiyo maana Scooby ana matege, mgongo wa mteremko na kidevu kikubwa. Mbwa aliyeumbwa kwa kasoro tupu, na ndiye aliyependwa na dunia. Dada zangu mnaojitesa mbele ya kioo, mpo?

Sasa tuje kwenye hasa kinachonifanya niandike. Binti yetu ana miaka sita. Siku alipoangalia Scooby kwa mara ya kwanza alijificha nyuma ya mto, jicho moja nje. Baba yake akanyanyua rimoti.

"Mama, huyu leo hatalala."

"Mwache amalizie, baba. Ukizima sasa hivi ndiyo hatalala."

Tulibishana pale kidogo, kwa sauti ya chini, si unajua tena mbele ya mtoto. Hoja yangu ilikuwa hii: ukizima katikati, zimwi linabaki zimwi. Linaingia naye kitandani. Mtoto anatakiwa afike mwisho, aone mkono unashika ile sura ya bandia na kuivuta, aone chini yake kuna mzee mwenye upara na hasira zake. Basi tukaiacha. Alicheka mpaka akakohoa, na usiku akaenda chooni mwenyewe. Kuna jambo lingine nililiona siku ile. Mtoto mwoga anapomwona Shaggy na Scooby wanavyotetemeka, wanavyorukiana mikononi, anajiona yeye ni shujaa. Si rahisi kuogopa mbele ya mtu anayeogopa kuliko wewe.

Lakini angalia zaidi ni nani hasa anayekutwa nyuma ya ile sura. Kipindi cha kwanza kabisa, kile cha shujaa mwenye vazi la chuma jeusi, mhalifu ni msimamizi wa jumba la makumbusho mwenyewe, aliyekuwa akiiba michoro ya thamani na kuweka ya bandia. Kingine ninachokipenda ni cha mzuka wa mchimba dhahabu. Wageni wanakimbia nyumba ya wageni kwa hofu, biashara inakufa. Kumbe mzuka ni msaidizi wa hapo hapo, amegundua mafuta chini ya mgodi, anataka mwenye mali akate tamaa ili yeye aichukue kwa bei chee. Umeona? Siyo mgeni wala jini kutoka kuzimu. Ni yule aliyewapokea mlangoni kwa tabasamu, na anachotafuta ni hela au ardhi.

Mimi hadithi hii naijua bila katuni. Mama yangu mdogo alikuwa na kiwanja Tanga, karibu na bahari, alichoachiwa na marehemu mumewe. Akaanza kuambiwa kina jini. Usiku watu wanaona taa, fundi aliyeanza msingi akaumwa, mara kuku wamekufa. Aliyekuwa akimletea habari hizo, kwa huruma kabisa, na chai ananywa, ni jirani. Mama mdogo mjane, watoto wadogo, atafanyaje? Akauza kwa pesa ambayo haikutosha hata ada za miaka miwili. Haikupita miaka mitatu, pale pale kwenye kiwanja cha jini ikasimama gesti ya vyumba vinane. Ya nani? Nadhani msomaji umeshajua, na wala huna miwani ya Velma. Mpaka leo mama mdogo hapendi kulizungumza. Nilipomsimulia kile kipindi cha mgodi alinyamaza, halafu akauliza, "Na huyo alifungwa?" Nikamwambia huyo alikamatwa.

Ndiyo maana huwa nawashangaa wanaosema katuni hii inafundisha watoto ushirikina. Mimi naona kinyume chake. Kwenye vile vya mwanzo, kila mzuka una mwenyewe, na mwenyewe ana sababu.

Haya, tuache majonzi, hili ni jarida la mapenzi. Umewahi kugundua kwamba kila mara Fred akisema tugawane, yeye anaondoka na Daphne? Miaka nenda rudi! Sinema ya watu halisi ilipotoka Juni 2002, Fred aliigizwa na Freddie Prinze Jr. na Daphne na Sarah Michelle Gellar, ambao walikuwa wachumba kweli. Septemba mwaka huo huo wakafunga ndoa. Wachambuzi waliiponda sinema, watu wakajaa kumbini, ikaingiza zaidi ya dola milioni 270 duniani. Na katika mfululizo wa Mystery Incorporated, wa mwaka 2010 hadi 2013, Velma alikuwa na Shaggy, akamtaka achague: mimi au mbwa. Shaggy akamchagua mbwa. Wadada, msimpe mwanaume chaguo kama hamko tayari kusikia jibu.

Wafanyakazi wenzangu wa maofisini, ninyi tafuteni Zombie Island ya 1998. Humo kikundi kimekua na kutawanyika, kila mtu na ajira yake. Daphne ana kipindi cha televisheni, Velma ana duka la vitabu, Shaggy na Scooby ni wakaguzi wa forodha uwanja wa ndege, mpaka wanafukuzwa kazi kwa kula vyakula walivyokamata. Wanakutana tena kwa sababu wamemisiana. Na safari hii mizimu ni ya kweli, kitu kilichowashtua mashabiki wengi. Mimi nilipenda ile sehemu ya kumisiana kuliko mizimu.

Siyo kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Mwaka 1979 wakamleta Scrappy, mpwa wa Scooby, kijibwa chenye mdomo na kiherehere. Kilisaidia watazamaji wasikimbie, lakini wengi wetu hatujakisamehe. Na ile Velma ya watu wazima iliyoanza 2023, isiyo na Scooby hata kidogo, ilifutwa 2024 baada ya misimu miwili. Ukiondoa mbwa unabaki na nini?

Wenye sauti nao ni hadithi. Casey Kasem, sauti ya Shaggy tangu 1969, alikuwa hali nyama, akaja kuacha kazi alipotakiwa aigize tangazo la baga. Akarudi 2002, baada ya kukubaliana kwamba Shaggy naye aache nyama. Frank Welker alianza kama Fred mwaka ule ule wa 1969, na tangu 2002 akaongezewa na sauti ya Scooby mwenyewe. Kijana wa kwanza kwenye usukani na mbwa nyuma ya kiti, wote mtu mmoja.

Kama hujawahi kuiona, anza na vile vipindi 25 vya mwanzo, 17 vya msimu wa 1969 na 8 vya 1970. Kimoja hakifiki nusu saa, kinatosha kabisa baada ya chakula cha usiku. Nyumbani kwetu kuna utaratibu: kila mtu anamtaja mhalifu kabla Fred hajatega mtego, na anayekosea anaosha vyombo. Mume wangu huwa anamshuku mgeni aliyekuja jana. Wiki ya nne hii anaosha yeye.