Mguu wa Udongo Hekaluni: Ombi au Shukrani?

Katika falsafa ya kale tunakaa sana na Wagiriki na Warumi, na jirani zao Waetruski tunawapita haraka. Hawa waliishi Italia ya kati, hasa kati ya mito Arno na Tiber. Wametuachia viungo vya mwili vilivyofinyangwa kwa udongo, vikachomwa, kisha vikapelekwa mahekaluni kama sadaka.

Kati ya karne ya 4 na ya 1 K.K., watu wa Veii, Tarquinia na Vulci walileta miguu, mikono, macho, masikio, matiti na matumbo ya uzazi. Vingi vilitengenezwa kwa kalibu, hivyo hata mtu wa kawaida aliweza kuvipata. La kushangaza ni kwamba karibu vyote ni vizima: hakuna kidonda wala uvimbe. Basi aliyeleta mguu alikuwa anaomba kupona, au ameshapona anashukuru? Udongo hausemi. Huko Vulci, baadhi ya matumbo ya uzazi yalipopigwa eksirei yalionekana yana vidonge vidogo vya udongo ndani. Je, ni mimba iliyokwisha kuingia, au ni ile iliyoliliwa kwa miaka?

Wapo wanaomaliza suala hili kwa msemo wa Kilatini *do ut des*, yaani nakupa ili unipe. Ni biashara tu, wanasema. Sisi tunaona hukumu hiyo ni ya haraka. Mguu wa kalibu ulikuwa na bei ndogo. Mungu angefaidika nini nao? Mletaji alikuwa anaonyesha mahali panapomuuma, kama mgonjwa mbele ya mganga. Na kilichokwisha kutolewa hakikurudishwa kwenye matumizi ya kawaida: hekalu lilipojaa, sadaka zilifukiwa mashimoni, mara nyingi ndani ya eneo lile lile takatifu. Ndiyo maana tunazo leo.

Kanisa nalo halikuwa na jibu moja. Katika karne ya 5, Askofu Theodoreto wa Cyrrhus, huko Siria, aliandika bila kuona haya kwamba waamini huleta kwenye makaburi ya mashahidi mifano ya macho, miguu na mikono, ya dhahabu au fedha, kushuhudia kwamba wameponywa. Lakini sinodi ya Auxerre, Ufaransa, karibu na mwisho wa karne ya 6, ilikataza kuchonga miguu ya mbao. Tunawaelewa wote wawili. Theodoreto alisikia shukrani. Maaskofu wa Auxerre waliogopa mtu adhani amemfunga Mungu kwa mkataba. Hofu hiyo ni ya kweli hata kwa nadhiri zetu wenyewe, ingawa mtu akitazama tu sadaka hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Huko Fatima, Ureno, mahujaji bado hununua miguu, mikono na matiti ya nta. Hiyo haifukiwi, hutupwa motoni pamoja na mishumaa, ikayeyuka.