Puli Iliyokwama Haitaki Nyundo

Kama umewahi kupanda gari kutoka Chimala kwenda Matamba, unazijua kona zile. Zinapita 50, na kila moja inamtaka dereva azungushe usukani mpaka mwisho kisha aurudishe, huku bonde likimtazama dirishani. Hapo ndipo mtu hutambua thamani ya ile pampu ndogo ya usukani iliyofungwa ubavuni mwa injini. Pampu ikifa gari bado hugeuka, lakini mikono ya dereva hubeba kazi yote, na mikono ikichoka mlimani, wote waliomo garini wamo hatarini.

Usukani wa namna hii si wa zamani sana. Mmarekani Francis Davis aliuonyesha mwaka 1926, lakini gari la kuuzwa madukani halikuwa nao mpaka mwaka 1951, kampuni ya Chrysler ilipouweka katika Imperial. Injini huvuta mkanda, mkanda huzungusha puli, puli huzungusha shafti ya pampu, na pampu husukuma mafuta kwa nguvu inayoweza kupita ratili 1,000 kwa kila inchi ya mraba. Mafuta hayo ndiyo yanayomsaidia dereva. (Magari mengine ya siku hizi hutumia mota ya umeme, hayo hayatuhusu leo.)

Basi, pampu ikivuja au beringi yake ikilia, hapana budi itolewe, na mara nyingi puli yapasa kutoka kwanza, maana imeziba bolti zilizo nyuma yake. Taabu huanzia hapo. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili na tope la barabara za vijijini huleta kutu, puli na shafti zikashikana kama kitu kimoja. Fundi huvuta, haitoki. Huagiza nyundo na tindo. Mzuie! Gari ni lako, nawe una haki ya kusema.

Ndani ya pampu mna vibamba vyembamba vya chuma vinavyozunguka katika nafasi finyu mno. Kila pigo juu ya ncha ya shafti hufika huko huko ndani. Ukipiga ukingo wa puli, hupinda, na mkanda hautakaa tena. Moto nao ni mbaya zaidi: huunguza sili ya mpira, na mafuta ya pampu huwaka. Niliiona pampu moja ambayo ugonjwa wake ulikuwa sili tu, kitu cha fedha kidogo. Nyundo iliigeuza chuma chakavu asubuhi moja, na mwenye gari akauza viazi vyake kabla ya bei kupanda ili anunue nyingine.

Kwanza tazama katikati ya puli. Je, kuna nati? Kama ipo, ilegeze wakati mkanda bado umekaza, kwa kuwa mkanda utakusaidia kuizuia puli isizunguke. Kisha legeza mkanda, utie mafuta ya kulainisha kutu, ukaache usiku kucha. Kesho yake rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya shafti, ili kulinda meno yake. Funga chombo cha kuvutia, kile mafundi wanachokiita pula. Miguu yake ishike karibu na kitovu cha puli, wala si ukingoni. Kaza kidogo, ngoja, kaza tena. Ikishaachia, toa nati na puli. Angalia pia kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kilicho kwenye shafti. Kiweke koponi, maana kikipotea majanini kazi imesimama.

Kama hakuna nati, puli hiyo iliingizwa kiwandani kwa kushindiliwa. Nyingi za namna hii, hasa za magari ya Kimarekani, zina shingo yenye mfereji. Hizo zina pula yake maalumu: vipande viwili hushika mfereji, bolti ya kati husukuma shafti, na puli hutoka polepole bila pigo hata moja. Pula ya kawaida ya miguu mitatu haifai hapa. Kabla ya kuanza, pima ncha ya shafti imefika wapi katika kitovu, uandike, kwa sababu puli yapasa kurudi pale pale. Kurudisha nako si kwa nyundo, bali kwa bolti ndefu inayoingia katika tundu la shafti na nati inayosukuma puli ndani.

Chombo hicho si cha kila kijiji. Ulizia kwa mafundi wa Mwanjelwa au Ipogolo kabla ya kufungua lolote. Vijana waliosoma ufundi wa magari VETA, Mbeya au Iringa, watakielewa ukiwatajia. Nauli ya kwenda kukiazima ni ndogo kuliko bei ya pampu.

Kazi ikiisha, simama mbele ya injini uone kama mkanda umenyooka. Jaza mafuta, inua magurudumu ya mbele, na kabla ya kuwasha injini zungusha usukani kushoto na kulia mara kadhaa. Povu likionekana koponi mwa mafuta, hewa bado imo. Ongeza mafuta, uzungushe tena.