Kabla giza halijakuzoea, jifunze kufuma

Ukipata nafasi ya kwenda kusoma semista moja Ufini, kila mtu atakuambia ununue koti zito. Ushauri mzuri, ila hautoshi. Koti linazuia baridi, halizuii giza. Kule Jyväskylä, mji wa chuo ulio katikati ya nchi, mwezi Desemba jua linachomoza kama saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa tisa mchana limeshazama. Ukitoka kipindi cha mwisho, tayari ni usiku. Unarudi chumbani, unashika simu, unaangalia wenzako wa Dar wanavyokula maisha. Nilipokuwa huko niliona masomo yanabebeka. Jioni ndizo zinazomchosha mgeni.

Ndiyo maana nashauri ujifunze kufuma. Usicheke kwanza.

Sisemi vile vitambaa vya makochi ambavyo mama zetu hufuma kwa sindano moja yenye ndoano. Huku ni kufuma kwa sindano mbili, na kanuni yake ni moja tu: kupitisha kitanzi kipya ndani ya kitanzi cha zamani. Chukua sindano za unene wa milimita 5 na uzi wa sufu usio mwembamba. Muombe anayejua akupangie vitanzi 30 kwenye sindano ya kushoto. Hivyo vinatoa skafu yenye upana wa kama shubiri moja. Chomeka sindano ya kulia ndani ya kitanzi cha kwanza, zungusha uzi kwenye ncha yake, uvute utokee upande wako, halafu kiache kile cha zamani kidondoke. Rudia mpaka mwisho wa mstari, geuza kazi, anza tena. Basi. Ukiweza mstari mmoja, skafu nzima unaiweza, kilichobaki ni muda, na jioni za Desemba muda upo wa kumwaga.

Kwa gharama usiogope kwamba itakula hela ya kujikimu. Kule nako kuna maduka ya mitumba, na uzi na sindano zilizotumika hupatikana humo kwa bei ya chini.

Faida kubwa ni watu. Wafini wengi si wa maneno mengi, na lugha yao ni ngumu, tusidanganyane. Ukialikwa kunywa kahawa bila kitu mkononi, kila ukimya unakuwa mzito. Ila kuna jioni za kufuma, nyingine hufanyika kwenye maktaba za umma, na pale ukimya ni sehemu ya shughuli. Unakaa, unafuma, mama wa pembeni anaona kitanzi kimekuponyoka, anakirudisha kwa vidole vyake na kukuonyesha bila neno. Kisha mnahesabu pamoja: yksi, kaksi, kolme. Hapo tayari umejifunza lugha, na wiki ijayo kuna mtu anayekutegemea ufike.

Kaka zangu, najua mnachowaza. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang, mwaka 2018, kocha wa Ufini wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao, Antti Koskinen, alionekana akifuma kule juu mlimani wakati mchezaji wake akisubiri zamu ya kushuka. Huko kwao si ajabu hata mwanafunzi kufuma katikati ya mhadhara, na mhadhiri haoni kama amedharauliwa.

Kwa sisi wa ualimu jambo hili lina mzizi. Jyväskylä ndiko seminari ya kwanza ya walimu waliofundishwa kwa Kifini ilikoanzishwa mwaka 1863, chini ya Uno Cygnaeus. Huyo mzee aliamini mkono nao unafikiri, na tangu mwaka 1866 kazi za mikono zimekuwa somo la lazima katika shule za msingi za Ufini. Zamani wasichana walipelekwa kwenye nyuzi na wavulana kwenye mbao. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016, wote husoma somo moja. Sisi tuliokaririshwa Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwa ajili ya mtihani tunaweza kuona pale wazo linalofanana nayo likiwa hai darasani.

Na sindano zinamfundisha mwalimu kitu ambacho mhadhara haukifundishi. Ukikosea mistari mitatu nyuma, unafumua hadi pale na kuanza upya. Uzi ni uleule, haupungui, hakuna kalamu nyekundu. Mwanafunzi anayejua kosa lake linafumulika hathubutu kuacha; anayejua litabaki kwenye ripoti mpaka mzazi alione, huyo anaficha daftari. Ukienda mafunzo kwa vitendo, likumbuke hilo.

Ukirudi nyumbani sindano hazitaozea kwenye begi. Njombe na Makete baridi ipo, na hata Dar penye joto lake mtoto mchanga lazima avishwe kofia na soksi za kufuma. Kofia moja ya mtoto ni kazi ya jioni mbili tatu. Ukiwa ugenini, anza na hiyo: mfumie mtoto wa dada yako aliyezaliwa haupo.