Shamba liko Kitale, mwenyewe yuko ughaibuni

"Nikichukua uraia wa Marekani, nitapoteza shamba la baba?"

Hilo ndilo swali ambalo wana wa Trans Nzoia na Bungoma walio ng'ambo huuliza kuliko mengine yote. Muuguzi humuuliza dada yake kwenye simu, dereva wa lori huwauliza wenzake kanisani, na majibu wanayopata mara nyingi ni ya kusikia tu. Wapo waliokaa miaka wakiogopa kuomba uraia wa pili, na wapo waliouchukua na kunyamaza wakidhani kunyamaza ndiyo salama. Wote wanastahili jibu la kweli.

Jibu ni hapana. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inasema katika kifungu cha 16 kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa sababu amepata uraia wa nchi nyingine. Mtoto wake aliyezaliwa huko pia ni Mkenya wa kuzaliwa, mradi mama au baba yake alikuwa Mkenya siku ya kuzaliwa kwake.

Wanaopaswa kuwa waangalifu ni wa aina mbili. Kwanza ni waliokula kiapo cha nchi nyingine kabla ya 2010. Katiba ya zamani haikumruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, hivyo walikoma kuwa Wakenya. Kifungu cha 14 kinawapa haki ya kuurejesha uraia huo, lakini haurudi wenyewe. Lazima mtu auombe. Pili ni waliopata uraia wa pili baadaye. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inawataka kuiarifu serikali ndani ya miezi mitatu. Anayekaa kimya anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Uraia unagusa shamba moja kwa moja. Kifungu cha 65 kinamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata akiwa na hati ya umiliki wa kudumu, sheria huihesabu kuwa ya miaka 99. Kuanzisha kampuni hakusaidii, kwa kuwa kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Tena Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura ya 302, inaikataza bodi ya ardhi kuidhinisha uuzaji wa shamba la kilimo kwa asiye raia. Ukitoka mjini Kitale kuelekea Kwanza, Endebess au Kiminini, ardhi karibu yote ni ya kilimo. Aliyeacha kuwa Mkenya mwaka 2004 na sasa anataka ekari tano za mahindi huko, aanze na uraia kabla ya kumtafuta muuzaji.

Hatari iko nyumbani

Hata hivyo, wengi wanaopoteza mashamba hawayapotezi kwa sababu ya pasipoti. Wanayapoteza kwa sababu ya jina. Mwaka 2024 Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Sehemu ya pesa hizo ilinunua ardhi, na mara nyingi mnunuzi alikuwa kaka, binamu au mjomba aliyeandika jina lake "kwa muda tu". Daftari la ardhi halijui habari ya muda tu. Linamtambua aliyeandikwa. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa zilitumwa, lakini hausemi zilikuwa za karo, za hospitali au za shamba. Kuithibitishia mahakama kwamba ndugu alishika ardhi kwa niaba yako kunawezekana, lakini kunakula miaka na kuvunja ukoo.

Sheria imeweka njia bora. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na ushuhudiwe. Usipoweza kuja, unamteua mtu kwa hati ya uwakilishi. Unaitia sahihi mbele ya mthibitishaji rasmi wa nchi uliyoko au katika ubalozi wa Kenya, kisha inasajiliwa humu nchini. Iandikwe kwa ufinyu: anunue ploti hii, yenye namba hii, kwa jina langu. Hati inayompa ndugu mamlaka ya "kufanya yote" inampa pia mamlaka ya kuuza.

Kabla ya pesa yoyote kutoka, fanya upekuzi rasmi, ambao wengi huuita sachi. Hati ya upekuzi ina sehemu tatu, na kila moja inastahili kusomwa polepole. Ya kwanza inaeleza shamba lenyewe: namba, ukubwa na mahali lilipo. Ya pili inamtaja mwenyewe na tarehe aliyoandikishwa. Muuzaji akidai alirithi zamani, na tarehe hapo ni ya miezi miwili iliyopita, mwombe aeleze. Ya tatu inaonyesha mikopo na mazuio. Hapo ndipo mara nyingine hugunduliwa kwamba shamba la skimu ya makazi, kama zile za Tongaren na Naitiri, bado lina deni la Mfuko wa Makazi, ambalo ni lazima lifutwe kwanza. Trans Nzoia kuna jambo jingine: mashamba mengi yaliyokuwa ya walowezi yalinunuliwa na vyama na kampuni za wanahisa. Cheti cha hisa si hatimiliki. Anayekuuzia kwa cheti hicho anakuuzia matumaini ya hatimiliki.

Baada ya hapo ni bodi ya ardhi. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, kwa sababu bila kibali cha bodi, mauzo ya shamba la kilimo ni batili. Katika kikao, mke wa muuzaji huulizwa mbele ya watu wote: "Mama, unajua baba watoto anauza shamba hili?" Swali hilo lina uzito. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inadai ridhaa ya mwenzi kabla mali ya ndoa haijauzwa. Mume aliye Qatar hawezi kuuza boma la Webuye anamoishi mkewe bila mke huyo kukubali.

Miaka 12

Wapo wenye hatimiliki safi ambao bado wako hatarini. Sheria ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, inampa anayekaa kwenye ardhi ya mtu waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa kwa miaka 12, nafasi ya kwenda mahakamani kudai iwe yake. Mwenye shamba aliyeondoka akiwa kijana na kurudi akiwa na mvi anaweza kumkuta jirani amepanda miti na kujenga nyumba ya matofali. Kinga yake ni rahisi: anayekaa kwa ruhusa yako hawezi kudai kwa njia hiyo. Mwandikie anayelima barua au mkataba wa kukodi, hata akiwa mpwa wako, hata kodi ikiwa gunia moja la mahindi kwa mwaka.

Kwenye urithi, umbali umewaumiza wengi, hasa mabinti. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haimtengi binti kwa kuwa ameolewa wala mwana kwa kuwa yuko mbali. Majina ya watoto wote yanapaswa kuwemo katika maombi ya mirathi, na tangazo likitoka katika Gazeti Rasmi, kuna siku 30 za kuleta pingamizi. Aliye nje anaweza kutia sahihi ya ridhaa mbele ya mthibitishaji wa huko. Akifichwa, mahakama ina mamlaka ya kuufuta usimamizi uliopatikana kwa udanganyifu. Na yeyote anayeuza mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua anatenda kosa la jinai, awe kifungua mimba au mzee wa ukoo.

Mgeni aliye kwetu

Haki hii ya kuelezwa sheria isiishie kwa wetu walio mbali. Mpaka wa Kenya na Uganda, pale Lwakhakha na Suam, umepita katikati ya watu wenye lugha na desturi zinazofanana. Wabukusu na Wagisu wameoana tangu zamani, na leo yapo maboma mengi ya Bungoma ambayo mama mwenye nyumba alizaliwa Mbale. Yeye naye anauliza: nikifiwa, nitafukuzwa?

Sheria ya Urithi inapomtambua mjane haimuulizi pasipoti. Haki yake ya kuendelea kuitumia mali ya mumewe inatokana na ndoa. Ndiyo maana ndoa ya kimila isajiliwe, kama Sheria ya Ndoa ya 2014 inavyotaka, wakati wote wawili wako hai. Akitimiza miaka saba ya ndoa na Mkenya, ana haki ya kuomba uraia. Avuke kwenye kituo rasmi na kitambulisho chake, na akikaa zaidi ya miezi mitatu ajiandikishe kwa idara ya uhamiaji. Njia ya panya haiachi ushahidi wowote kwamba aliingia kihalali, na siku atakapouhitaji hatakuwa nao.

Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka shufwa, na msimu huo huleta wengi nyumbani, kama Desemba. Ofisi za ardhi za Kitale na Bungoma hazifunguliwi wikendi, kwa hivyo anayekata tiketi ajitengee siku mbili za kazi: moja ya kufanya upekuzi wa kila shamba lenye jina lake au la marehemu mzazi, nyingine ya kuketi na wakili ambaye jina lake limo katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Kisha aketi na jamaa na kuweka kila ahadi kwenye maandishi, mbele ya mashahidi. Ndugu mwema atatia sahihi. Asiyetaka, ni heri ujue hilo kabla hujatuma pesa.