Kwetu Hakuna Ugonjwa Huo

Selimundu ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama kwa pamoja. Jina lake ni maneno mawili yaliyoungana, seli na mundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu ya mgonjwa, ambazo kwa kawaida ni laini na za mviringo, hupinda zikafanana na kile kifaa cha kuvunia mpunga. Wengi mitaani huuita sikoseli. Wengine hawauiti jina lolote. Husema tu kwamba mtoto ana bandama, ana degedege au anaishiwa damu. Ni ugonjwa unaoonyesha waziwazi jinsi habari za ukoo zinavyoweza kumwokoa mtu, au kumpoteza zikifichwa.

Kasoro yenyewe ni ndogo mno. Ndani ya chembe nyekundu mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta umetungwa kwa asidi amino 146, na kwa mgonjwa wa selimundu imebadilika moja tu, ile ya sita: palipotakiwa pawe na asidi glutamiki, pana valini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akapata mahali hasa ilipotofautiana. Tofauti hiyo yatosha kuzifanya himoglobini zishikamane kila oksijeni inapopungua. Chembe hukakamaa, hupinda, kisha hunasa kwenye mishipa myembamba kama magogo kwenye mfereji. Sehemu iliyozibika hukosa damu, na hapo ndipo yanapozuka yale maumivu makali ya mifupa, mgongo na kifua. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana damu ya mgonjwa haitoshi, na macho yake huwa na rangi ya manjano.

Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba kinachotengeneza mnyororo wa beta, moja ya baba na nyingine ya mama. Mwenye nakala mbili nzima huandikwa AA kwenye karatasi ya maabara. Mwenye moja nzima na moja yenye kasoro ni AS: huyu hubeba tu, na kwa kawaida huzeeka bila kuumwa. Mwenye mbili zenye kasoro ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. AS akizaa na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS. Hapa wazazi wengi hukosea hesabu. Wakishampata mgonjwa mmoja hudhani zamu imepita, na watatu wanaofuata watakuwa salama. Mimba haina kumbukumbu ya iliyotangulia. Ni sawa na kurusha sarafu mbili upya kila mara, na wapo waliozaa wagonjwa watatu mfululizo, kama walivyopo waliozaa sita wazima bila kujua walichokibeba.

Kwa hesabu hiyo kasoro inaweza kukaa katika ukoo vizazi vingi bila kuonekana. Mbeba kasoro huoa au huolewa na mtu AA, karibu nusu ya watoto wao wanakuwa wabebaji, nao wanaoana na watu AA, na hakuna anayeumwa. Muuguzi akiuliza kliniki, "Kwenu kuna mtu mwenye selimundu?", baba hujibu, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Mama naye hujibu hivyohivyo. Wote wawili wanasema kweli, na bado mtoto waliyempakata ni SS. Katika ugonjwa wa namna hii historia ya ukoo ni zaidi historia ya watu wazima wasiougua, kwa hiyo swali la "nani anaumwa" hupita pembeni.

Swali lenye faida ni jingine: bibi alizaa watoto wangapi, na wangapi walikua? Jibu huja taratibu. Walizaliwa saba, walikua wanne. Wale watatu je? Mmoja homa. Mmoja alivimba tumbo upande wa kushoto, akachanjwa chale za bandama. Wa mwisho aliamka mzima, jioni akawa mweupe viganjani, alfajiri akafariki. Majibu kama hayo hayathibitishi kitu, kwa kuwa malaria nayo huua hivyo na imeua wengi zaidi. Lakini yanatosha kumpeleka mtu kupima. Hata majina ya ukoo yafaa kusikilizwa: mtoto aliyezaliwa baada ya misiba mfululizo huenda akaitwa Tabu, Mashaka au Masumbuko, na nyuma ya jina hilo kuna makaburi madogo ambayo hayasimuliwi.

Mfano mzuri wa kumbukumbu ya ukoo uko Ghana. Felix Konotey-Ahulu, daktari wa kabila la Krobo, alifuatilia selimundu katika familia yake mwenyewe vizazi tisa nyuma, hadi mwaka 1670. Hakuwa na damu ya kupima. Alichokuwa nacho ni majina ya wahenga na masimulizi ya nani kati yao alikuwa akishikwa na maumivu ya viungo tangu utotoni. Watu wa Ghana walikuwa na majina ya ugonjwa huo kabla hospitali haijaujua: Waga waliuita chwechweechwe na Waewe nuidudui, majina yanayorudiarudia sauti kama maumivu yenyewe yanavyorudi. Katika vitabu vya tiba selimundu iliingia mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipochapisha habari za mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake za damu zilikuwa na umbo la ajabu. Ukoo wa Konotey-Ahulu ulikuwa umetangulia kwa miaka 240.

Ukoo hubeba pia historia ya mahali. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi 20 katika kila watu 100, ilhali nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja. Miaka mitano baadaye alieleza sababu: mbeba kasoro moja ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, mtoto AS alikuwa na nafasi nzuri kuliko wenzake ya kufika utu uzima na kuzaa, na kasoro ikaendelea kurithiwa. Huko Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, watafiti wa wakati huohuo waliwakuta Waamba wenye wabebaji karibu 45 kati ya 100. Tanzania nako ugonjwa umeshamiri zaidi mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya pwani. Kasoro imesafiri na watu pia. Vipimo vya Oman vimekuta aina ya Kibantu ya kinasaba cha selimundu ikiwa pamoja na ile ya Benin na ile ya Kiarabu na Kihindi, jambo lisilomshangaza anayejua uhusiano wa Oman na Zanzibar. Kwa hiyo mtu anayeulizwa kliniki babu na bibi zake wanne walizaliwa wapi asidhani anachunguzwa ukabila. Siku hizi kabila peke yake halisemi mengi, hasa mijini, lakini mahali walipotoka wale wanne panasema.

Mtoto SS huzaliwa mzima, na hilo huwapoteza wengi. Tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kijusi, ambayo haina mnyororo wa beta, na hiyo huendelea kumlinda miezi michache baada ya kuzaliwa. Inapopungua, mara nyingi dalili ya kwanza huonekana mikononi. Viganja na nyayo huvimba, vidole vinakuwa vinene na vya moto, na mtoto hulia akiguswa. Nyumbani watasema ameumwa na mdudu, au amebebwa vibaya. Katika umri huohuo bandama huanza kuharibika, na bila bandama mwili hauna nguvu dhidi ya vijidudu vinavyoleta nimonia, homa ya uti wa mgongo na sumu kwenye damu. Hivyo ndivyo vinavyoua wengi kabla ya umri wa miaka mitano, mara nyingi kabla ugonjwa wenyewe haujapata jina.

Kinga ipo na ni rahisi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hupunguza maambukizi makali ya aina hiyo kwa asilimia 84. Lakini dawa hiyo hufaa ikianzwa mapema, kabla ya homa ya kwanza, na hapo ndipo ukoo unapoingia tena. Penye upimaji wa watoto wote wanapozaliwa, mgonjwa hutambuliwa hata kama wazazi hawajui lolote. Mahali ambapo upimaji huo haujaenea, anayetambuliwa mapema ni yule ambaye kaka au dada yake alishatambuliwa. Mdogo hupimwa akiwa mchanga, hupewa penisilini, chanjo na kinga ya malaria, na mama hufundishwa kuipapasa bandama ya mwanawe, upande wa kushoto chini ya mbavu, ili ikivimba ghafla amkimbize hospitali. Mkubwa wake hakupata bahati hiyo.

Ndugu wawili wenye SS hawaumwi sawasawa. Mmoja hulazwa kila mwezi, mwingine humaliza shule akiwa amelazwa mara mbili. Sehemu ya sababu ni ileile himoglobini ya kijusi: wapo wanaorithi uwezo wa kuendelea kuitengeneza, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa mashariki ya Saudi Arabia, na selimundu yao huwa nyepesi. Dawa ya haidroksiyurea hufuata njia hiyohiyo, kwa kuuchochea mwili uirudie himoglobini ya utotoni. Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba kwa watoto wa Afrika ingeongeza malaria na maambukizi mengine, mpaka utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale ulipotoa majibu kinyume chake: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, malaria na vifo navyo vilipungua. Matokeo hayo yalichapishwa 2019.

Tiba inayoweza kuuondoa ugonjwa kabisa ni kupandikiza uboho, na mtoaji bora hutafutwa ndani ya nyumba. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa. Akiwa AS anaweza kutoa vilevile. Mgonjwa wa kwanza kupona kwa njia hii alikuwa msichana wa miaka minane aliyetibiwa Memphis, Marekani, kwa saratani ya damu. Taarifa yake ilitolewa 1984. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe, ambayo bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni mbili. Kwa mzazi wa Geita au Kisumu hiyo bado ni habari ya redioni.

Kinachozuia tiba zaidi kuliko bei ni lawama. Mtoto akiugua, upande wa baba huelekeza kidole kwa mama: damu yake mbaya, kwao kuna uchawi, ametuletea mkosi. Ndoa huvunjika kwa neno hilo, na baba hugoma kupima. Lakini mtoto hawezi kuwa SS kwa kurithi upande mmoja. Saudi Arabia imewataka wachumba kupima selimundu kabla ya ndoa tangu 2004, na wakibainika kuwa wabebaji wote wawili hawazuiwi kuoana. Wanaelezwa, kisha wanaamua wenyewe. Utaratibu huo una heshima kuliko minong'ono ya mashangazi baada ya msiba. Pana hadhari moja lakini: majibu ya damu ya familia yanaweza kufichua siri ya nani ni baba, na yanaweza pia kupotosha, kwa sababu thalasemia, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini, huweza kufanana na selimundu kwenye kipimo. Mtoa ushauri mzuri hasomi karatasi kwa sauti mbele ya ukoo mzima.

Maradhi mengine ya kurithi hayafuati hesabu iliyonyooka hivi. Mwenye mama au dada aliyepata saratani ya matiti ana hatari karibu maradufu, hasa kama aliipata kabla ya kukoma hedhi. Kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu navyo hufuata koo, lakini ukoo hurithishana pia jiko, chumvi, sukari ya chai na mazoea ya kukaa, na si rahisi kutenganisha kilichotoka kwenye damu na kilichotoka kwenye chungu. Huko daktari huuliza mambo mawili: ni ndugu wa karibu kiasi gani, na aliugua akiwa na umri gani. Kwa selimundu huulizwa waliokufa wangali wadogo.

Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni hutoa jibu mtu akiwa bado amekaa kwenye benchi. Mwenye bibi au shangazi anayewakumbuka watoto wa ukoo walioondoka mapema amwulize akiwa hai: majina yao, umri wao, walivimba wapi, macho yao yalikuwaje. Aandike kwenye daftari, na daftari hilo liende kliniki pamoja na kadi ya mtoto.